Mhariri, tuchapishie saa za maji ya Kilwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Lindi mjini, nina umri wa miaka 58, na gazeti lako hulisoma kila mchana wateja wanapopungua. Wiki mbili zilizopita mliandika habari za visiwa vya Kilwa, na nilifurahi kuona picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani imepewa nusu ukurasa. Lakini mwishoni mwandishi akaweka mstari mmoja ulioninyima raha: kwamba msimu wa kwenda huko ni Juni hadi Oktoba, na miezi mingine ni afadhali mtu akae kwake.

Maneno hayo si mageni masikioni mwangu. Nimeyasikia kwa madereva wa mabasi, na nimeyasikia kwa jamaa zangu wa Dar es Salaam, ambao wakikosa nafasi ya likizo mwezi wa sita husema basi tena, mpaka mwakani. Na kila yanaporudiwa, kuna nahodha pale gatini Kilwa Masoko anayeshinda kivulini akiangalia chombo chake, na kuna mama mwenye sufuria la pweza wa nazi asiyejua leo atamuuzia nani. Miezi saba ya mwaka watu hao wanaambiwa bahari yao imefungwa. Nani aliyeifunga?

Mhariri, visiwa vile vinaendeka mwaka mzima. Mwezi wa kalenda ya ukutani hauamui peke yake. Kinachoamua safari yako iwe ya kukumbukwa au ya kujutia ni maji: yamejaa saa ngapi, yamekupwa saa ngapi. Hilo mwandishi wenu hakuligusa hata kwa neno moja.

Nimezaliwa Kilwa Kivinje. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa mashua akienda Songosongo na kurudi na ng'onda. Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta: mimi sikushika usukani, ila hesabu ya maji aliniachia, na hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe mosi mpaka tatu, na kumi na tano mpaka kumi na saba za mwezi wa Kiislamu, ndiyo bamvua. Maji hujaa mno na kupwa mno. Katika pwani yetu siku hizo hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukifika tarehe nane au tisa, au ishirini na tatu, mambo yamegeuka: maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kwake kumesogea mpaka saa nne asubuhi. Ni hivyo Januari, ni hivyo Julai. Upepo unabadilika, mvua zinakuja na kuondoka, hesabu hii haibadiliki.

Sasa nikueleze kwa nini nalishikilia jambo hili.

Tuna kikoba chetu, akina mama kumi na saba, wengi wetu wauza samaki, mama lishe na washonaji. Mwaka 2023 tuliamua kuweka pembeni shilingi elfu tatu kila mmoja kila Jumamosi kwa miezi mitano, tukatembee Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Wengi wao wanaishi Lindi tangu kuzaliwa na hawajawahi kuviona. Tukamlipa wakala mmoja, simtaji, atupangie kila kitu. Akatuchagulia Jumamosi ya tarehe 2 Septemba. Nikamuuliza kuhusu maji, maana mwezi ulikuwa mpevu juzi yake tu. Akanijibu, "Mama, huu ndio msimu wenyewe, ondoa shaka." Nikanyamaza. Miaka mingi nilikuwa sijapanda chombo, nikaona nisijitie ujuaji mbele ya kijana anayeishi kwa kazi hiyo. Kunyamaza kule bado kunaniuma.

Tuliondoka gatini saa tatu asubuhi. Wenyeji wanajua kwamba Songo Mnara hakuna gati. Unaingia kwa kupita mikokoni, na maji yakiwa yamejaa mashua inakusogeza karibu. Sisi tulifika saa nne na nusu, bamvua imekauka. Tulipwelewa mbali na nchi kavu. Mashua ikalala ubavu juu ya matope, na nahodha, aliyekuwa ameajiriwa tu na hakuulizwa na mtu, akasema anayeweza kutembea atembee.

Tulitembea. Matope ya mikokoni yanakushika mguu mpaka goti, ukiuvuta unatoka bila kiatu. Tulifunga madira viunoni, tukashikana mikono wawili wawili, na mizizi ya mikoko inachoma nyayo. Mwenzetu mmoja ana miaka 67 na magoti yake ni mabovu. Babu yake alizaliwa kisiwa kile. Miezi mitano yote alikuwa akituambia kwamba yeye haendi kutembea, anakwenda kwao. Hakuweza kushuka. Alibaki ndani ya chombo kilicholala, kanga kichwani, na jua linapanda, mpaka maji yalipoanza kurudi mchana. Sisi tuliporudi alituuliza msikiti bado una mihirabu? Nikamwambia upo, na nyumba zipo, na ukuta wa mji upo. Yeye alichokiona Songo Mnara ni mikoko.

Na hiyo ilikuwa Septemba, katikati ya huo msimu unaosifiwa.

Nimeandika kwa urefu kuhusu siku ile kwa sababu naamini si sisi tu. Ni wangapi wanaorudi makwao na kusema Kilwa ni tope na jua, hawatarudi tena? Magofu haya ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inakula ufuko, na kazi kubwa ikafanyika mpaka yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Watu wamebeba mawe na kuchoma chokaa ili kuta zile zisimame. Halafu mgeni anafika siku ya bamvua saa nne asubuhi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Baada ya hapo wenzangu wakasema safari ijayo panga wewe. Nikapanga. Nilichagua Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Mfungo Mosi (Shawwali) 25, maji mafu yangejaa mnamo saa sita mchana. Hesabu ya maji ilikuwa sawa. Ila katikati ya wiki Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu. Nikaahirisha siku ile ile. Kuna walionuna, kwamba mwezi wa tano nimeuchagua mwenyewe halafu narudi nyuma. Siku ile ile ya safari yetu kimbunga kikafika, mvua ikanyesha isiyo na mfano, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga. Mama mkwe wangu alikuwa akitusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, na sisi wakwe tulikuwa tukisikiliza kama tunavyosikiliza ngano. Sasa najua.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Ninaposema mwaka mzima, sisemi siku yoyote. Kuanzia Novemba mpaka Aprili vimbunga huzunguka katika bahari hii, na Hidaya alituonyesha kwamba hata Mei havijaisha. Tangazo la Mamlaka likitoka, safari imekufa, hakuna cha hela tumeshalipa wala cha watu wamejiandaa. Na sina huruma na chombo kisicho na jaketi okozi kwa kila abiria. Watoto wana saizi yao; ukiona koti la mtu mzima limefungwa kamba kiunoni mwa mtoto, shuka na mwanao.

Tulikwenda mwishowe Jumamosi ya tarehe 29 Juni. Upepo wa kusi umekaza, kweli, na asubuhi ya kipupwe ina baridi ukiwa majini, tulivaa masweta. Lakini Songo Mnara unaifuata kwa njia ya ndani, Kilwa Kisiwani na Sanje ya Kati zikikukinga na bahari kuu, na nahodha tuliyemchagua wenyewe alitutoa mapema kabla upepo haujaamka. Kwenda tulikwenda kwa mashine, upepo unatupiga usoni. Kurudi akazima mashine, mabaharia wakatweka tanga, kusi ikatusukuma mgongoni mpaka Masoko. Hakuna sauti isipokuwa maji ubavuni mwa chombo. Na yule mwenzetu wa magoti? Tulifika maji yamejaa, mashua ikapenya mikokoni, vijana wawili wakampokea mkono, akakanyaga mchanga mkavu hatua chache tu kutoka chomboni. Aliingia msikitini, akaweka kiganja ukutani kwenye chokaa, akakaa hivyo kitambo. Hatukumsemesha.

Anayependa nyangumi naye aje na kusi, Julai mpaka Oktoba wanapita katika bahari hizi. Lakini hilo ni pambo.

Safari niipendayo kuliko zote ilikuwa ya Februari, mwezi ambao gazeti lenu linasema tukae nyumbani. Tarehe 22 Februari 2025 ilikuwa Mlisho (Shaabani) 23, maji mafu tena, wiki moja kabla ya Ramadhani. Tukasema mwaka huu tunavunja jungu kisiwani. Tulipanda basi alfajiri, tukashuka Nangurukuru, tukaingia Masoko kwa gari dogo na masufuria yetu: wali wa nazi, changu wa kukaanga, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kapu zima, maana kuna wasioweza kukaa bila ming'oko. Kaskazi huleta joto, sikatai, na mchana mvua ilitunyeshea nusu saa. Tulijibanza chini ya kuba za Msikiti Mkuu. Mvua inanyesha nje, ndani ni pakavu, na kuba zenyewe ni kazi ya mafundi wa karne nyingi zilizopita. Tulisubiri tukila korosho. Hapakuwa na mgeni mwingine kisiwani siku ile, na wenyeji walitupokea kama ndugu waliochelewa harusini. Pweza wao tulimaliza wote. Mama mmoja wa pale aliniambia tangu Krismasi hajauza chakula kwa mgeni.

Hapo ndipo nilipokusudia kuandika barua hii, ingawa nimechelewa.

Bamvua nayo ina safari yake. Idi pili, tarehe 1 Aprili, niliwachukua wajukuu zangu wawili mpaka Kilwa Kisiwani. Kutoka Masoko ni mwendo mfupi, unavukika maji yakiwa vyovyote, utalowa miguu tu wakati wa kushuka. Niliichagua bamvua makusudi. Saa nne na nusu bahari ilikuwa imekwenda mbali, mwamba uko wazi, na akina mama wa kisiwa wameshuka na vijiti kuchokoa pweza. Mjukuu wangu wa miaka tisa alimfuata mmoja. Akamwona anainama kwenye shimo ambalo wewe na mimi tungelipita, anaingiza kijiti, anasubiri, anazungusha kidogo, na mkono wa pweza unatoka kujishika kwenye kijiti chenyewe. Mtoto akapiga kelele iliyosikika mpaka Gereza, ile ngome ya zamani ya kisiwani. Baadaye nikawapeleka Husuni Kubwa, kwenye lile birika la pembe nane, wakazihesabu mara tatu maana hawakuamini. Nikawaeleza kwamba mwaka 1331 alifika mji huu Ibn Battuta, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kwamba mgeni yule alikuwa ametembea miji mingi na huu aliusifu. Yule mdogo akauliza kama naye alikuja kwa mashua. Nikamwambia ndiyo, na nahodha wake bila shaka aliyajua maji.

Kwa anayepanga, mambo mengine ni machache. Kibali chukua Masoko kabla hujapanda chombo; siku hizi magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Bei ya mashua patana mbele ya wote na ulipe mkirudi. Ukienda Ramadhani usitegemee chakula cha mchana kisiwani, na usile barabarani mbele ya waliofunga. Vaa nguo ya heshima, pale ni kijiji cha watu na msikiti bado ni msikiti. Anayekwenda Songosongo, Okuza au Fanjove kwenye mnara wa taa ajue huko ni bahari ya wazi, hapakingwi kama Songo Mnara, kusi ikikaza asilazimishe; angoje matlai, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, bahari inapolala. Njia za siku hizi hazina udhuru. Sisi tumewahi kulala Ndundu tukingoja pantoni ya Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na bado tulikwenda.

Sasa ombi langu, Mhariri. Kila siku mnachapisha nyakati za swala na bei ya dola. Karibu na hapo pana nafasi ya kisanduku cha mistari minne. Tuchapishieni saa za maji kujaa na kupwa, kwa Kilwa, Lindi na Mtwara. Hamhitaji kumtuma mtu baharini: majedwali ya maji hupigiwa hesabu mwaka mzima mbele, na bandari wanayo. Wenzetu wa Mtwara watakishukuru kisanduku hicho pia, maana Msimbati na visiwa vya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi, iliyotangazwa mwaka 2000, vina maji yale yale na wageni wanapotea kwa namna ile ile. Na wakuu wetu wa Kilwa nawaomba ubao mmoja tu pale gatini Masoko, na chaki. Kila asubuhi mtu aandike: leo yanajaa saa fulani, yanapwa saa fulani, upepo ni huu, Mamlaka inasema hivi. Mgeni akishuka kwenye gari ausome kabla hajafungua pochi.

Wakala aliyetupeleka siku ile hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na ubao mbele yake, au gazeti mkononi, angeona mwenyewe kwamba tarehe 2 Septemba saa nne asubuhi hakuna maji Songo Mnara, akatutoa mchana au akatusogezea mbele wiki moja. Yule mama wa miaka 67 asingeshinda juani akiwa ametazamana na mikoko ya kwao.

Kisanduku kikianza kutoka, mimi nitakuwa nakikata kila siku kwa mkasi wangu na kukibandika kwenye mlango wa duka. Wateja wangu wengi wana waume wavuvi. Wenzangu wa kikoba wameshaanza kuulizia safari ya mwakani, na mara hii hakuna aliyeniuliza ni mwezi gani. Wameuliza ni tarehe ngapi ya mwandamo.

Wako katika kulijenga Taifa,
Mama mshonaji,
Lindi Mjini